Muzunguko wa mwisho ni wa mukono

Tarehe kumi na mbili, mwezi wa saba, siku ya posho, njo jumamosi. Tangu asubuhi upepo inatoka kusini, baridi kabisa, na ziwa imejaa povu nyeupe mpaka kule macho inaishia. Hamuna wingu hata moja. Bati ya nyumba inapigapiga.

Mwezi moja imepita tangu niliweka nyundo chini. Benzangu bakiacha kazi banalalaka mpaka jua inapanda. Miye, upepo ikipiga bati, ninasimama ku mulango na kuhesabu maboti yangu ine yenye ingali inafanya kazi. Leo nilihesabu tatu. Ya ine sikuiona. Labda iko Kilwa, labda imevutwa ku muchanga na mwenyewe anakunywa chai. Sijui. Kutojua njo kunanisumbua.

Asubuhi Kabamba alikuja. Kabamba ni fundi mwenye nilimuachia kiwanja yetu ya maboti hapa Kashikishi, mwanaume wa batoto tatu, muchekaji. Mikono yake ni mizuri kuliko yangu ya ujana, lazima niseme. Alinionyesha telefone yake: vyombo ine ya batri, haina kamba ya malaiti, ya umeme, moja ya kutoboa, moja ya kukata, moja ya kusaga, moja ya kulainisha mbao. Bei ya zamani imepigwa mustari, bei mupya haifike nusu. Na chini, saa nyekundu ilikuwa inahesabu kurudi nyuma.

«Papa Ilunga, inaisha leo magaribi. Ninunue ao niache?»

Nikamwambia ningependa kwanza kuandika.

«Ee Papa! Mutu anakuuliza ndiyo ao hapana, unamupatia barua?»

«Barua haitetemeke,» nikamujibu. Akaenda akicheka.

Njo barua yenyewe. Si ya Kabamba peke yake, ni ya wote banafanya kazi pale kiwanja. Ninaandika Kiswahili yetu ya ng’ambo, ya Congo, juu masomo yangu iliishia ku darasa la sita na njo luga yenye mukono wangu inajua. Kibemba ninasema kila siku, lakini kuandika kwake sikufundishwa. Mukikuta makosa, ni yangu. Na mukikuta nimekuwa mukali juu ya mutu ao juu ya masini, musome tena mpaka mwisho mbele ya kuniamini.

Nilivuka ziwa nikiwa kijana, nikitoka upande wa Pweto. Niliogopa maji mpaka nilifunga macho njia yote. Wakati wa kutafuta kazi, kazi yenye nilipata ilikuwa ya maboti. Mungu iko na muchezo yake. Mupaka leo sijui kuogelea, na sikumuambia hata muteja moja.

Fundi wangu alikuwa Mzee Chola, mutu wa hapa hapa, mwenye kusema na shiye Kiswahili ya soko. Siku ya kwanza nilifika na nyundo yangu mupya, nikifikiri atanionyesha misumari. Alinionyesha boti yenye ilimalizika jana yake, imefungwa pale maji inafika ku kiuno.

«Vua viatu. Ingia. Ikala chini kabisa, weka nyayo ku mbao. Usiangalie.»

«Nisiangalie nini, tata?»

«Kitu chochote. Macho inaona maji ikishakuwa mingi. Nyayo inaona ikingali kidogo.»

Niliikala asubuhi mzima. Karibu na saa sita nikasikia, chini ya kidole kikubwa cha muguu wa kuume, kitu kama mutu anapumua baridi. Nikamuita. Alikuja, akapapasa, akaweka pamba na lami, akasema: «Bon. Kesho uje na nyundo.» Njo vile nilipata kazi.

Kutoka pale nilijifunza desturi ya kiwanja yetu, yenye sikuwahi kuisikia fasi ingine: safari ya kwanza ya boti, fundi mwenye aliifunga anaikala chini, bila viatu, mpaka ng’ambo. Kama boti yake inakunywa maji, yeye njo anajua wa kwanza. Mzee Chola alisema fundi mwenye anabakia ku muchanga ameuza sanduku ya maiti. Alikuwa na kinywa ya namna ile. Lakini nisimufanye malaika. Kuna boti moja aliifunga, ikakuwa inainama kushoto, na mupaka siku alikufa alikatala kusema ni boti. Alisema ni ziwa njo imeinama.

Wakati ule tulitoboa na kekee ya mukono, na visi, ile misumari ya kuingia kwa kuzungushwa, tulikaza na turnevisi yenye mushiko ya muti, nyeusi juu ya jasho ya bafundi. Visi moja ilikuwa inachukua muda wa kuimba wimbo nusu. Inaingia, inaingia, kichwa yake inagusa mbao, na mwanafunzi anafikiri imeisha. Haijaisha. Pale unakusanya nguvu ya bega, unaongeza muzunguko moja, ya mwisho. Mbao inalia kidogo, nyiii, inavutwa, inashikamana na ubavu wa boti. Bila muzunguko ule, visi imeingia lakini mbao ingali inaikala peke yake, kama mugeni mwenye hajavua koti. Kwa macho huwezi kujua. Inje inaonekana sawasawa.

Viganja vyangu vilikuwa kama ngozi ya mamba. Ku ndoa ya mutoto wa yaya, ndugu yangu mukubwa, mama moja nilimusalimia, akavuta mukono haraka, akasema: «Huyu papa amevaa gants, soksi ya mikono?» Batu bakacheka. Miye pia nilicheka, nikaweka mikono mu mifuko.

Kisha vyombo ya batri ikafika. Mutoto wangu Sifa, mwenye kufanya kazi ya kuandika barua ku masomo moja, shule ya Nchelenge, njo alinunua ya kwanza ku telefone. Ilikuwa wakati wa kupunguza bei. Kiwanja yetu haina malaiti, na hata ku nyumba inakatika sana, kwa hiyo masini ya kamba haikutufaa. Sanduku ilitoka Mansa na minibus. Siku tatu za kuingojea nilikuwa na hakika watatutumia tofali. Nilifungua na kisu, nikiwa nimesimama mbali, kama mwenye kufungua mutego ya nyoka.

Haikuwa tofali. Ilikuwa masini muzuri, nzito, na batri mbili. Lazima niandike hii wazi: ile ya kwanza ilitutumikia miaka, ilifunga maboti mingi, na hakuna moja ilikunywa. Tulikuwa tunaichaji kwa mutengenezaji wa telefone, mwenye iko na bati ya jua, ile sola. Mukono wangu wa kuume, wenye ulikuwa unakufa ganzi, ukalala vizuri tena. Nilisema hata mu sala asante juu ya masini ile. Bale banasema kila kitu cha bei ya chini ni bongo, ni uongo, bao njo banasema bongo.

Lakini batri inazeekaka kama mutu. Ya kwanza ikakufa, ya pili ikawa inafanya visi kumi na kulala. Sifa akatafuta batri peke yake. Bei yake ilikuwa karibu na bei ya sanduku mzima, mupya, yenye imekatwa bei, ya jina ingine. Rangi kijani ileile. Namba ya nguvu yenye imeandikwa ku ubavu wake ilikuwa mara mbili ya ile ya zamani. Na pale pia saa nyekundu ilikuwa inahesabu.

«Papa, sema haraka,» Sifa aliniambia. «Inabakia dakika kumi na mbili.»

Nikasema ndiyo. Sikumuomba anisomee maandiko ya chini. Niliangalia namba kubwa na saa nyekundu, kama mutoto mbele ya bonbon, ya pipi.

Wakati ilifika, nilisikia ni nyepesi mu mukono. Nilisema ni maendeleo. Kabamba alipiga nayo visi ya kwanza, akasema: «Papa, hii iko na nguvu ya ng’ombe mbili!» Ng’ombe mbili, ndiyo. Sikumuuliza ng’ombe wa miaka ngapi.

Tulikuwa tunafunga boti ya Mama Feza. Mama Feza ni muchuruzi wa Congo, anapeleka unga, chumvi na sabuni ku Kilwa, anarudi na samaki mukavu. Mutu wa sauti kubwa na moyo kubwa kuliko sauti. Kabamba alifunga upande wa kuume na masini ya zamani, akimalizia na turnevisi wakati batri inalala. Miye, juu miye njo mukubwa, nikachukua masini mupya, nikafunga upande wa kushoto, mbao za chini.

Masini ya namna hii iko na pete yenye namba karibu na kinywa yake. Visi ikikaza, pete inaruka, inalia ka-ka-ka-ka, na wewe unaacha. Ile ya zamani ilikuwa inalia tu kisha mbao imelia nyiii. Hii mupya ilikuwa inalia wakati mbao haijalia. Nilisikia. Ninaandika tena juu njo kiini ya barua hii: nilisikia. Niliweka pete ku namba ya juu kabisa, ikalia vilevile, mapema, ka-ka-ka. Nikajiambia mbao ya leo ni laini. Nikajiambia masikio yangu imezeeka. Mama Feza alikuwa amefikisha mizigo yake ku muchanga tangu siku mbili, na alikuwa anaikala juu ya magunia, akitutania.

«Bafundi, munafunga boti ao munafunga ndoa? Inachukua muda!»

Turnevisi ilikuwa mu sanduku, hatua ine kutoka pale nilisimama. Sikuenda kuichukua. Niliogopa kuicheki mbele yake, kisha nionekane fundi mwenye hajui. Tulipakaa lami. Lami inafunika kazi mubaya sawasawa na kazi muzuri.

Siku ya safari ya kwanza hewa ilikuwa ya kutulia. Tulikuwa batu kumi na moja: Mama Feza, Bwalya mwenye kuongoza motere, miye, na bengine ba kupanda, kati yao mama moja na mutoto wa kunyonya. Nilivua viatu, nikaikala chini upande wa kushoto, nyayo ku mbao. Mama Feza akaniambia: «Fundi, unaikala kama kuku mwenye anatamia.»

Tulifika katikati. Kashikishi ilikuwa mustari tu nyuma, Kilwa ilikuwa kivuli mbele. Upepo ikaamuka kutoka kusini, kama ya leo. Wimbi ya kwanza ikapiga. Ku wimbi ya pili nikasikia, chini ya kisigino, mbao inapumua. Inatoka, inarudi. Kisha ile baridi, nyembamba kama uzi.

Nilinyamaza. Ninataka kusema ilikuwa muda mufupi, lakini nilihesabu mawimbi: nilinyamaza mawimbi sita. Nilifikiri labda ni maji ya nguo yangu. Nilifikiri, nikisema, batu batasimama, na boti yenye batu bamesimama inapinduka. Nilifikiri sijui kuogelea. Nilifikiri juu yangu mara ine na juu ya ule mutoto mara moja. Sipendi hesabu ile, lakini njo ilikuwa.

Ku wimbi ya saba nilisema: «Bwalya, punguza motere. Boti inakunywa, upande wangu. Musisimame. Mutu yeyote asisimame. Mujivute polepole upande wa kuume.»

Mama Feza akasema: «Fundi. Unaniambia sasa, katikati ya maji?»

«Nilisikia tangu kiwanja, mama. Visi haikukaza. Ni miye.»

Aliniangalia. Nilifikiri atanipiga, na ningekubali, kama tu hangesimama. Akafungua kitenge chake cha juu, akanitupia.

«Shika. Ni ya ndoa ya dada yangu. Tukikufa nayo, utaniona kule juu!»

Nilipasula kitenge, nikatoa kamba ndefu, nikaisukuma mu mupasuko na kisu ya Bwalya, kidogo kidogo. Bengine bakawa banachota na bakuli ya unga. Lakini mbao ilikuwa ingali inapumua. Kila wimbi ilikuwa inatema kitambaa ndani. Nikaweka nyayo mbili juu ya kitambaa, mugongo ku kiti. Na hapa, bafundi, musikie vizuri: mbao iko inje ya mbavu. Nikisukuma sana, miguu yangu itaifungua kabisa. Nikilegeza, maji itaingia. Ilibidi kusukuma sawasawa na vile maji inasukuma, haizidi, haipunguke, kwa kila wimbi. Sikujua tena kama ni mbao inasukuma ao ni miye. Mama wa mutoto alikuwa anaimba Zaburi kwa sauti ya chini. Bwalya hakuimba, alikuwa anasema tu «mukwai, mukwai, mukwai», ile tafazali ya Kibemba, na sijui alikuwa anamuomba nani.

Tulifika Kilwa na maji mupaka nusu ya muundi. Hakuna mutu alikufa. Magunia mbili ya chumvi yalikunywa ziwa, basi. Batu balishuka. Miye sikuweza kunyoosha magoti. Bakanitoa kama mubao.

Tulivuta boti, nikaomba turnevisi kwa mutu wa pale, nikazungusha visi zangu moja moja. Kila kichwa ilikuwa imegusa mbao muzuri kabisa. Na karibu kila moja ilikubali kuzunguka tena, moja, moja na nusu, na mbao ikalia nyiii, ikashikamana. Za Kabamba, upande wa kuume, hakuna hata moja iliyokubali. Mbao ni ya muti moja. Kwa hiyo singeweza tena kusema mbao ni laini.

Mama Feza alisimama nyuma yangu mpaka visi ya mwisho. Akasema: «Umesema kweli umechelewa, lakini umesema.» Akarudi Kashikishi akieneza kwa batu wote kwamba fundi Ilunga alisema kweli, na kwa batu balebale kwamba boti ya Ilunga ilikunywa. Yote mbili ni kweli. Siwezi kulalamika. Boti yenyewe ingali inafanya kazi. Ni ile ya ine, yenye leo sikuiona.

Ku nyumba nilitaka kuitupa masini mu ziwa. Sifa akafungua tena ukurasa ya bachuruzi bale, akanisomea maandiko madogo ya chini: kwa kazi nyepesi za nyumbani, kutundika picha, kufunga kabati. Ilikuwa imeandikwa tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo siwezi kusema balinidanganya, isipokuwa labda ku ile namba kubwa, na hata pale sina elimu ya kuhakikisha. Na masini pia haikunidanganya. Ilikuwa inalia ka-ka-ka: nguvu yangu imefika mwisho. Miye njo nilisikia: mbao imefika.

Niliendelea na kazi miezi michache. Kila visi nilikuwa ninaikaza mara mbili, mara tatu, mpaka nyingine zikavunjika vichwa. Mukono wenye woga unaharibu kama mukono wenye haraka. Njo maana niliacha. Mulisema ni magoti. Magoti pia.

Nilifika hapa mu barua wakati Kabamba alirudi. Jua ilikuwa inaingia mu ziwa. Alikuwa na telefone mu mukono na uso wa mutu mwenye anakimbizwa.

«Papa, dakika tisa. Barua imeisha?»

«Mupatie Sifa telefone, asome. Aanze chini.»

Sifa akachukua telefone, akashuka, akashuka mu maandiko. Akasema ya kutoboa, yenyewe, imeandikwa kazi ya ujenzi. Ya kukata na ya kusaga, vilevile. Ya kulainisha haikuandikwa kitu. Nilitamani ingekuwa imeandikwa kutundika picha, niseme hapana na kulala. Haikuandikwa.

«Basi,» Kabamba akasema. «Ndiyo ao hapana?»

Nilisikia upepo. Nikasimama, nikachukua turnevisi ya Mzee Chola mu sanduku, nikamutilia mu mukono.

«Uko na haki ya kununua. Inaweza kuwa muzuri. Ya kwanza ilikuwa muzuri. Lakini visi zote za chini ya maji, muzunguko wa mwisho ni wa hii. Muteja akikutania, umuache akutanie. Na safari ya kwanza unavua viatu.»

«Papa, mara hii hata sikupata ndiyo kamili.»

«Sina yenye imekamilika.»

Aliangalia turnevisi, akaangalia telefone. Hakubonyeza. Tuliangalia pamoja, batu batatu, saa nyekundu ikishuka mpaka sifuri. Kisha ikasimama kidogo, ikaanza tena juu, masaa kumi na mbili, na bei ileile.

Sifa alicheka wa kwanza. Kabamba akasema: «Kumbe! Basi nitafikiri mpaka kesho,» na akaweka turnevisi mu mufuko wa shati, fasi ya kalamu.

Mama Sifa, bibi yangu, akatuita kula. Kabamba alibakia kula na shiye. Aliniambia mu kula, kama kitu kidogo, kwamba boti ya Mama Feza iko Kilwa tangu jana, alizungumza naye ku telefone, imevutwa ku muchanga, anangojea upepo ilale. Nilivua viatu chini ya meza. Sakafu ilikuwa baridi na kavu. Tulikula bukari, ugali ya muhogo, na chisense, dagaa ya ziwa yetu, ya kukaanga na nyanya, na sombe kidogo, majani ya muhogo yenye ilibakia ya jana. Niliomba bukari ya kuongeza.